Maonyesho Yasiyokwisha

Shangazi yangu alipanda bodaboda kutoka kijijini kwake mpaka Nkwenda kuja kunigombeza kwa sababu ya neno moja. Jumapili iliyotangulia, kanisani kwao, mzee wa kanisa alikuwa amesoma tangazo letu la makumbusho baada ya matangazo ya ndoa: watu wote wanakaribishwa kuona maonyesho endelevu ya vyombo vya wazee wetu. Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Nyumbani alisema Kinyambo tu. Neno "endelevu" hakuwahi kulisikia, akamuuliza jirani yake wa benchi. Jirani naye akafikiri, akasema, si linatoka kwenye kuendelea? Ni maonyesho yanayoendelea, hayaishi.

"Shikamoo shangazi," nilimsalimu mlangoni.

"Marahaba. Eti maonyesho yenu hayaishi?"

"Yanaisha, shangazi."

"Kanisani wamesema hayaishi. Sasa mimi nife lini? Au mtanipangia na siku?"

Nilicheka. Wageni waliokuwa ndani nao wakacheka. Shangazi hakucheka hata kidogo, akanikazia macho mpaka kicheko kikaniishia mdomoni, maana mimi ndiye niliyejua amekuja kuulizia nini. Ukutani mwetu ilikuwa imetundikwa rubugo yake, na rubugo ile ndiyo aliyoiweka ya kuzikiwa.

Rubugo ni nguo ya gome. Gome la mti tunaouita omutoma huchunwa, likapondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likawa laini na pana kama shuka. Wazee wetu waliivaa, na walipokufa walivishwa hiyo hiyo kaburini. Ya shangazi ilipondwa na babu yangu, yaani baba yake, akampa alipoolewa. Ndoa haikudumu na watoto hakujaliwa, lakini rubugo alirudi nayo, akaihifadhi jikoni juu ya moto, kwenye moshi, wadudu wasiiguse. Ilikuwa imechakaa, ina kiraka alichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Mama yangu alipofariki ni shangazi aliyenichukua akanilea, na nilikua nikijua kwamba siku yake ikifika mimi ndiye nitakayemfunga rubugo ile. Hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Iliingiaje makumbusho? Hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Makumbusho yetu yalikuwa ghala la zamani la kahawa, vyumba viwili na baraza, na mimi ndiye nilikuwa mwangalizi na mwongoza wageni. Maonyesho yetu ya kwanza tuliyafanya kama tulivyoona wengine wakifanya. Mabango ya plastiki yaliyochapishwa Mwanza, vibao vya povu, gundi, taa zinawaka mchana kutwa na jua liko nje, maji ya chupa kwa kila mgeni. Yalipoisha tukabaki na lundo la kunipita kimo. Tukalitia moto kwenye shimo nyuma ya ghala. Moshi ule mweusi ukaingia nyumbani kwa jirani, na masizi yakatua juu ya kahawa aliyokuwa ameianika uani. Yule bwana alitutukana matusi ambayo hata kwa Kiswahili hayasemeki, na alikuwa na haki. Tulikuwa tumeonyesha mila za wazee halafu tukamchafulia mwenzetu mavuno.

Ndipo wafadhili walipotuletea mtaalamu, kijana wa Dar es Salaam, mrefu, mpole, anayeamkia kila mtu hata asiyestahili shikamoo. Kazi yake ilikuwa kutufundisha kufanya maonyesho bila kuacha takataka. Alikuwa na kanuni moja tu: kilichotoka shambani kirudi shambani. Kisichoweza kurudi shambani kisiingie mlangoni. Akina mama wa kwaya waliokuwa wanajitolea kwetu waliipenda kanuni hiyo, wakaitungia na sauti ya pili, wakawa wanaiimba wakifanya kazi.

Na kazi ilifanyika, jamani. Kuta tulizipaka udongo. Stendi tukazifunga kwa mafunjo na kamba za mgomba. Sakafuni tulitandika nyasi kama nyumba inayosubiri wageni wa posa. Maelezo ya vyombo niliyaandika mimi kwa mkaa juu ya maganda makavu ya mgomba, tukafungua madirisha na kuzima taa. Nilikuwa naingia asubuhi nasikia harufu ya nyasi, moyo unafurahi. Nasema haya ili ieleweke kwamba nilikubaliana na yule kijana, na mpaka leo nakubaliana naye. Ndiyo maana inauma.

Alipoulizia rubugo nilimwambia mpya zinatoka Uganda, zinapitia mpakani Murongo. Tukanunua vipande vya kufungia vyungu. Lakini yeye alitaka ya zamani, ya hapa hapa, ya mti uliochunwa gome ukafungwa majani ya migomba na kuota gome jipya. "Hiyo ndiyo roho ya maonyesho yote," alisema. Nikamwambia shangazi yangu anayo.

Shangazi alikubali kwa sharti. "Nikiugua, inarudi. Si nikifa. Nikiugua. Maiti hana miguu ya kufuata mizigo."

Sasa siku hiyo alikuwa amesimama mbele yangu anaitaka. Nilimweleza neno endelevu kadiri nilivyoweza: kwamba si maonyesho yasiyokwisha, ni maonyesho yasiyoharibu, yanayoiachia ardhi nguvu ya kuendelea. Alisikiliza. Kisha akasema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Ninyi mmeazima mpaka ya kuzikia!" Wageni wakacheka tena, safari hii na yeye akatabasamu kidogo. Akaingia, akaketi kwenye nyasi chini ya rubugo yake, akavuta upindo akaunusa.

"Mmeitoa moshi," alisema. "Inanuka watu."

Nilimwambia kumebaki kwenda Rubwera tu, watu wa wilayani nao waone, halafu nitaileta mwenyewe mpaka jikoni kwake. Akafungua fundo la kitenge, akanipa kahawa ya kutafuna, nikajua nimesamehewa. Lakini wakati anapanda bodaboda aligeuka. "Neno lenu hilo silipendi. Kitu kisichokwisha kina mashaka."

Siku ya kufungasha nilifunga vyombo kwa mikono yangu. Vyungu tulivizungushia majani makavu ya mgomba na vipande vya rubugo ya Uganda. Rubugo ya shangazi niliiviringisha kwenye ufito wa mafunjo, nikaifunika majani makavu, nikafunga kamba ya mgomba, na juu nikafungia ganda nililoandika kwa mkaa: RUBUGO YA SHANGAZI, ISIGUSWE. Hapakuwa na utepe wa plastiki wala kalamu ya wino mzito, kwa sababu hivyo havirudi shambani.

Mvua ilitukuta njiani. Lori lilikuwa na turubai lenye matundu, tukafika Rubwera kwenye ukumbi tuliopewa tumelowa chapa chapa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshusha chungu cha pili simu ikaita. Jirani wa shangazi. Ameanguka shambani, wamempeleka Nyakahanga hospitalini, hali si nzuri, njoo. Nikampa mtaalamu kile chungu mikononi, nikamwambia shangazi anaumwa, nikadandia bodaboda kwenda kutafuta gari. Sikukumbuka rubugo. Nilimkumbuka mtu.

Asiyekuwepo na lake halipo. Nyuma yangu akina mama wa kwaya walishusha mizigo kwenye mvua. Walifungua vyungu, wakatoa majani, wakatoa matambara, wakarundika. Maandishi yangu ya mkaa mvua ilikuwa imekwisha kuyafuta. Kati ya mafurushi yale ya majani makavu, lile la shangazi lilikuwa furushi la majani makavu tu. Na mama yeyote wa Karagwe au Kyerwa ukimwachia majani makavu na nyasi zilizolowa, karibu na migomba, huna haja ya kumwambia afanye nini. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na kibanja, shamba la nyumbani la bwana mmoja, migomba yake ina njaa. Wakaomba ruhusa. Wakatandaza vizuri kabisa, shina kwa shina, huku wanaimba: kilichotoka shambani kirudi shambani.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha shangazi, kwenye wodi yenye madirisha yanayotazama kahawa. Alikuwa amepungua ghafla, kama ndizi iliyokaa jikoni muda mrefu. Wauguzi walimgeuza kwa upole, wakamwita bibi. Alipofumbua macho hakuniuliza nimefikaje wala nimekula nini.

"Imerudi?"

"Iko Rubwera, shangazi. Inakuja."

"Mimi nimeugua sasa," alisema. "Tulikubaliana."

Kila alipozinduka aliuliza neno hilo hilo, imerudi, na mimi nikajibu hilo hilo, inakuja. Nilijua maonyesho yamefunguliwa, nikawaza imetundikwa, watu wanaitazama, nikaona vibaya kuwaharibia ufunguzi. Hali yake ilipozidi ndipo nikatoka barazani nikampigia mtaalamu.

"Nitumie ile rubugo kwa gari la kwanza," nilimwambia.

Akasema, "Dada, si ulienda nayo?"

"Nilienda nayo wapi?"

"Sharti la shangazi. Akiugua inarudi. Wewe uliniambia anaumwa ukaondoka haraka, na sisi hatukuiona, nikajua umeichukua. Nimewaambia hata wageni, ile nafasi tupu ukutani ni ya kitu kilichorudi kwa mwenyewe. Wameipenda sana."

Mawe! Mama yangu! Nilikaa kwenye ukingo wa baraza la hospitali mbele ya watu nikalia kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa analisha mgonjwa uji akadhani nimefiwa, akanipa pole. Sikumkatalia.

Nilirudi Rubwera siku hiyo hiyo. Mtaalamu alikuwa ameshawaita akina mama, wamesimama nyuma ya ukumbi na mikono vichwani, wale wale wenye sauti nzuri. Mwenye kibanja alikuja na jembe lake, nikampokonya, nikaona jembe litaikata, nikalitupa, nikapiga magoti. Tulifunua matandazo shina kwa shina. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na majani yameshikana. Chini yake mchwa walikuwa wanafanya kazi yao. Mchwa hawana kosa, nalijua hilo, lakini siku ile niliwatukana kama binadamu wenzangu.

"Si ulisema kirudi shambani?" nilimpigia kelele yule kijana. "Haya, kimerudi! Umefurahi? Andika basi kwenye ripoti yako, hakuna takataka iliyobaki!"

Hakujitetea. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kaki, anachambua majani moja moja, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Ningependa angenijibu vibaya nipate mtu wa kumchukia. Mama mmoja mzee wa kwaya alisema taratibu, "Mwanangu, tulidhani ni kuukuu. Tulidhani ni ya kutandaza." Nani angedhani vingine? Tulikuwa tumevifunga vitu vya thamani kwa vitu vya kutupa, na vyote vimetoka shambani.

Chini ya mgomba wa pembeni, karibu na mfereji, tulipata kile kiraka. Nadhani uzi mwekundu ndio uliwashinda mchwa, maana ulikuwa uzi wa dukani, wa nailoni. Kiraka chenyewe kilikuwa saizi ya kiganja, kimelainika, kinanuka udongo. Nikakifunga kwenye leso nikakiweka kifuani.

Njiani kurudi Nyakahanga nilijiapiza sitamwambia. Nitamwambia inakaushwa. Nitamwambia gari limeharibika. Nilifika, nikashika mkono wake, akauliza, imerudi, nikasema gari limeharibika.

"Usinidanganye," alisema. "Mimi si mtalii."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mvua, majani, kibanja cha yule bwana, mchwa, na nikatoa kile kiraka nikamwekea kiganjani. Alikipapasa kwa kidole gumba mpaka akaufikia uzi wake. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

"Basi imenitangulia," alisema.

Akageukia ukutani. Nilidhani amelala, lakini alisema bila kugeuka, "Nitafutie nyingine. Hata kipande. Lakini mkinifunga nailoni nitatokwa jasho mpaka siku ya ufufuo." Nikasema nitaitafuta, waitu, shangazi yangu, nitaileta. Akanirudishia kiraka nikitunze.

Nani ameshawahi kutafuta rubugo kwa haraka? Nilizunguka kama kichaa. Nilielekezwa kwa mzee mmoja upande wa kwenda Murongo ambaye bado anajua kuponda gome. Nilimkuta nyumbani, mti anao, nyundo anazo, moyo wa kunisaidia anao. Akaniangalia, akaangalia mawingu. "Kuchuna nitachuna sasa hivi," alisema, "lakini lazima ikae juani ndipo iwe nguo. Jua unalo?" Nikampigia mfanyabiashara anayeleta vitu kutoka Uganda, akaniambia ana moja nzuri, anavuka nayo, nimsubiri Nkwenda sokoni. Nikasubiri. Wanunuzi wa maharage walinipita, magunia yalipakiwa, watu wakanisalimia nikaitikia bila kuwaona. Vipande vyetu vya Uganda navyo vilikuwa vimetandazwa pamoja na vingine, hata hilo nililikumbuka nikiwa pale, nikapiga paja langu ngumi.

Simu ilipoita nilidhani ni mfanyabiashara. Alikuwa binamu yangu, anapiga kutoka Nyakahanga. Alisema dada, jikaze.

Nilibaki sokoni. Ningeenda wapi? Nilijiambia maiti anangoja, rubugo ikifika nitampa heshima yake, ahadi ni ahadi. Gari la yule mfanyabiashara likakwama kwenye tope upande wa pili wa mpaka, akaniambia labda kesho. Nikaenda msibani mikono mitupu.

Ndugu zetu wa Bukoba walikuwa wamefika kabla yangu, na walikuwa wamemfanyia shangazi mambo makubwa, sitawasingizia. Baba mdogo alinunua jeneza bora kuliko yote dukani. Lina vishikio vya kung'aa, na ndani limetandikwa kitambaa cheupe kinachoteleza, kimekunjwa marinda marinda, na mto wake. Shangazi alikuwa amevishwa gauni la kitambaa hicho hicho, na soksi, na glavu. Niligusa lile gauni. Ilikuwa nailoni.

"Baba mdogo," nilisema, "shikamoo. Naomba tumtoe kwenye hili gauni. Alikataa nailoni. Aliniambia mimi."

"Marahaba. Tumvike nini?"

Nikasema shuka la pamba, kitenge chake, kanga, chochote. Baba mdogo alinishika bega. Hakuwa mkali. "Mwanangu, unataka watu waseme tumemzika dada yetu kama maskini? Mchungaji amefika. Watu wako mvuani. Tulia." Nilipopandisha sauti shangazi zangu wengine walinitoa nje, wakasema uchungu umempanda kichwani, wakanikalisha kwenye mkeka, wakanipa maji ya chupa.

Niliposikia wimbo wa kwanza nilikumbuka kiraka. Nikaruka, nikapita katikati ya watu mpaka kwenye jeneza. Walikuwa wameshakaza skrubu za mwisho. Nilimwomba fundi wa jeneza afungue kidogo tu, upenyo wa kupitisha mkono. Akamtazama baba mdogo, baba mdogo akatikisa kichwa. Kwa hiyo wakati wa kutupia udongo nilitupa kiraka changu pamoja na udongo, kikadondoka juu ya kifuniko, kikateleza pembeni. Nilimwona mtaalamu upande wa pili wa kaburi amesimama na akina mama wa kwaya. Waliimba vizuri sana, lakini si wimbo ule.

Kisha wakaja na mashada. Kila tawi la ukoo lilitoa shada lake, na yote yalikuwa maua ya plastiki, mekundu, meupe na zambarau, yamefungwa kwenye nailoni inayong'aa na utepe umeandikwa PUMZIKA KWA AMANI. Wakayapanga mpaka udongo haukuonekana. Watu walisema kaburi limependeza.

Makumbusho yetu yanaendelea. Mtaalamu aliongezewa muda. Siku hizi kila furushi tunalifunga alama ya shanga, tumejifunza, na kule Rubwera yule bwana ndizi zake zimenenepa, kila nikipita ananiitia mkungu. Sijawahi kuupokea. Watoto wa shule wanakuja, wanakaa kwenye nyasi, nawaeleza rubugo ni nini mbele ya ukuta mtupu, na akitokea mmoja wa kuuliza "mwalimu, endelevu maana yake nini," namwachia mtaalamu ajibu.

Mti wa shangazi, omutoma alioupanda mpakani mwa kibanja chake, uko hai. Mashuka yake nimeyagawa, jikoni kwake paa limeingia ndani, migomba yake ya mwisho tumeikata ikaota mingine. Msalaba wa mbao wa kaburini mchwa wameshauanza kwa chini. Ila maua yapo. Mvua inayapiga, jua linayapiga, yamepauka kidogo tu, hayanyauki wala hayaozi. Juzi niliyang'oa yote nikayatia kwenye gunia. Nikasimama nalo katikati ya kibanja. Kuyachoma siwezi, majirani wameanika kahawa. Kuyafukia ni kumfukia nayo mara ya pili. Kuyatandaza kwenye migomba, shangazi angeniuliza kama nina akili.

Nikayarudisha juu ya kaburi, moja moja.